HATUTAKAGUA MOSHI KWA MIKONO MITUPU

Ndugu wafanyakazi,

Katika yadi za malori na makontena za upande wetu huu wa Likoni, toka Bofu mpaka Mtongwe, na vile vile ng'ambo ya Changamwe, umeingia mtindo ambao sisi wa chama hatuwezi kuunyamazia. Dereva hufika kazini alfajiri. Kabla hajapewa ufunguo hupewa karatasi, na karatasi ina mstari unaosema kwamba vyombo vya kuzuia moshi vya gari hili vimekaguliwa na viko sawa. Huambiwa atie sahihi. Akiuliza ni nani aliyevikagua, hujibiwa: "Wewe. Washa injini, zunguka nyuma, tazama." Hapewi saa ya kazi hiyo, wala glavu, wala tochi, wala fundi wa kumwonyesha. Na siku gari likikamatwa barabarani kwa moshi mweusi, faini hutafutwa katika mshahara wa dereva, kwa kuwa sahihi ni yake.

Sisi hatukatai ukaguzi. Neno hili twalisema mapema, maana matajiri wamezoea kudai kwamba chama hupinga kila kitu. Twautaka ukaguzi kuliko wao. Vifua vinavyovuta moshi ule ni vyetu. Wao wamo ofisini, madirisha yamefungwa na mashine ya baridi yavuma. Tunachokataa ni ukaguzi wa uongo na ukaguzi wa hatari. Wa kwanza huua polepole, na wa pili waweza kuua siku hiyo hiyo.

MOSHI HUU NI KITU GANI

Wako wenzetu wanaosema: "Moshi wa dizeli tumeuzoea, baba zetu waliuvuta bandarini, na sisi twauvuta." Ndugu, kuzoea sumu si dawa ya sumu. Mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao Lyon, Ufaransa, lilisema kwamba moshi wa dizeli yaelekea unaleta saratani. Mwezi wa Juni 2012 shirika hilo hilo likaondoa neno "yaelekea". Likauweka moshi wa dizeli katika daraja la kwanza, pamoja na asbestosi na tumbaku: ni kitu kinacholeta saratani kwa binadamu.

Ushahidi uliogeuza neno hilo ulitoka katika vifua vya wafanyakazi. Wataalamu wa Marekani walifuata habari za wachimbaji zaidi ya 12,000 waliofanya kazi katika migodi minane yenye mashine za dizeli. Waliovuta moshi mwingi zaidi ndio waliokufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Basi mtu asituambie kwamba jambo hili ni hofu ya wanachama wa Bofu. Wenzetu wamekwisha kulipa kwa roho zao ili lijulikane.

Zaidi ya saratani, iko hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Injini za petroli ndizo zitoazo nyingi zaidi, kama jenereta ndogo zile zinazowekwa nyuma ya duka. Lakini injini yo yote ikinguruma ndani ya banda lililofungwa ni hatari. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na kuchoka kusikoelezeka. Wengi hudhani ni njaa au jua. Mtu hukaa chini apumzike kidogo, wala hainuki tena.

VYOMBO VYA KUZUIA MOSHI

Malori mengi yanayoletwa siku hizi, hata yaliyokwisha kutumika ng'ambo, yana vyombo vilivyotengenezwa kupunguza sumu hii. Kuna chujio la masizi, liko katika bomba la moshi. Hushika masizi, kisha huyachoma lenyewe kwa moto upatao kama digrii 600. Kuna chombo kinachotumia maji ya urea, ambayo hunyunyizwa ndani ya moshi ili kuvunja hewa mbaya ya naitrojeni. Kuna vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Na gari za petroli zina lile sega la madini ya thamani, platinamu na wenzake, ambalo wezi hulikata usiku kwenda kuliuza.

Tajiri afanya nini na vyombo hivi? Chujio likiziba, badala ya kulisafisha au kununua jipya, humwita fundi alikate na kuunga bomba tupu. Urea ikiisha, hutafuta mtu wa kuidanganya kompyuta ya gari ili injini isipunguze nguvu. Gari latoka barabarani, fedha zimebaki mfukoni mwa tajiri, na sumu yote yarudi kwa dereva, kwa turniboi, kwa kuli, kwa mama anayeuza mihogo kando ya barabara, na kwa watoto wa shule za Bofu na Timbwani.

Msidhani udanganyifu huu ni wa matajiri wadogo peke yao. Mwezi wa Septemba 2015 serikali ya Marekani iliifichua kampuni kubwa ya Volkswagen ya Ujerumani. Iligundulika kwamba gari zake za dizeli zilitiwa programu iliyojua saa ya kupimwa. Zikipimwa, moshi husafika. Zikirudi barabarani, huchafuka. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba gari zipatazo milioni 11 duniani zilikuwa na programu ile. Ikiwa kampuni yenye wahandisi maelfu ilithubutu hivyo, sisi tuiamini karatasi ya yadi iliyotiwa sahihi gizani?

Tajiri ana udhuru mwingine: "Mafuta ya nchi hii ni machafu, vyombo hivyo haviwezi kukaa." Udhuru huu umechakaa. Toka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba salfa katika dizeli isizidi sehemu 50 katika milioni. Kiwanda cha Changamwe, kilichofunguliwa 1963 na kusafisha mafuta kwa miaka hamsini, kiliacha kazi hiyo Septemba 2013, na mafuta tunayotumia hushushwa bandarini yakiwa yamekwisha kusafishwa. Dizeli ya leo si ile ya zamani. Kama iko chafu ndani ya tangi la lori, na tuulize ni nani aliyeichanganya na mafuta ya taa. Mchanganyiko huo ulienea hata serikali mwaka 2018 ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwazuia wachanganyaji. Mchanganyaji hakuwa turniboi.

NAMNA YA KUKAGUA BILA KUJIUA

Chama hakitaki kulalamika tu. Haya hapa ndiyo tunayotaka yafuatwe katika kila yadi, karakana na banda la jenereta. Kila mwanachama ayasome, na asiyejua kusoma asomewe.

Kwanza, ukaguzi wa macho na mikono hufanywa injini ikiwa baridi, imezimwa, na ufunguo umo mfukoni mwa anayekagua. Gari liwe mahali pa sawa, breki ya mkono imefungwa, magurudumu yamezuiwa kwa vigingi. Foklifti iwe imeshusha uma zake chini. Tipa isikaguliwe sanduku lake likiwa juu pasipo nguzo ya kulizuia.

Pili, mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Ziwekwe stendi za chuma, au gari litiwe juu ya shimo la gareji.

Tatu, mtu asiguse bomba la moshi, wala chujio, wala tabo, kwa kuwa gari limezimwa punde hivi. Chujio linapochoma masizi yake huwa na moto wa kuyeyusha glavu za mpira. Ngojeni lipoe kabisa. Gari lisiegeshwe juu ya majani makavu au matambara ya mafuta wakati chujio linajichoma.

Nne, injini ikibidi iwashwe, kazi ifanywe nje, penye upepo, au moshi upelekwe nje kwa mpira maalum. Banda lenye mlango mmoja si mahali pa kupimia moshi. Mtu akianguka humo ndani, msimkimbilie kichwa kichwa. Wako wengi walioanguka juu ya mwenzao. Pigeni kelele, fungueni milango yote, zimeni injini kama mwaweza, mtoeni nje upesi, aitwe mganga.

Tano, kipimo cha mashine, kile ambacho injini hukanyagwa kwa nguvu na chombo kikapima weusi wa moshi, ni kazi ya fundi aliyefundishwa. Dereva akae kwenye usukani, gia iwe huru, na mtu ye yote asisimame mbele wala nyuma ya gari. Mikanda na feni hazina huruma na mikono ya shati.

Sita, masizi na majivu yanayotoka katika chujio yasipulizwe kwa upepo wa kompresa. Yapanguswe kwa kitambaa chenye maji, na anayefanya kazi hiyo avae kinyago kinachozuia vumbi jembamba. Leso ya mfukoni haizuii kitu. Maji ya urea yakiingia machoni, yaoshwe kwa maji mengi safi. Yasitiwe katika tangi la dizeli hata kidogo.

Na kuna mambo ambayo dereva mwenyewe aweza kuyatazama kwa dakika chache, akipewa hizo dakika. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba au nozeli zimechakaa. Moshi wa buluu maana yake injini yala oili. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto maana yake mafuta hayaungui au maji yaingia ndani. Katika gari lenye chujio la masizi, chukua kitambaa cheupe, injini ikiwa baridi, upanguse ndani ya mdomo wa bomba. Chujio likiwa zima, kitambaa hakitachafuka sana. Kikitoka cheusi tititi, chujio limepasuka au limekatwa. Taa ya onyo ikiwaka katika dashibodi, iandikwe. Haya ndiyo awezayo kutia sahihi dereva: aliyoyaona kwa macho yake. Hawezi kutia sahihi kwa ajili ya yale yaliyo ndani ya chuma.

SAHIHI YAKO ITARUDI KUKUSHTAKI

Hapa twataka kila mwanachama asikilize sana, maana hapa ndipo penye mtego.

Sheria ya Fidia kwa Waumiao Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba ugonjwa uliopatikana kwa ajili ya kazi nao hulipiwa, kama jeraha. Saratani ya mapafu haiji kesho. Huja baada ya miaka mingi, nywele zimekwisha kuwa nyeupe. Siku hiyo utakwenda kudai, nawe utaulizwa: umevuta moshi wapi? Utajibu: katika lori za tajiri fulani. Wakili wa tajiri atafungua sanduku, atoe karatasi elfu tatu, na kila karatasi ina sahihi yako ikisema kwamba gari lilikaguliwa na halikuwa na kasoro. Utasema nini? Kwa kalamu yako mwenyewe umemwandikia tajiri utetezi wake, kila alfajiri, miaka kumi mfululizo, wala hukulipwa hata senti.

Ndiyo sababu twasema karatasi ile si jambo dogo la makarani.

SHERIA IKO UPANDE GANI

Tajiri hupenda kututisha kwa sheria. Basi na tuisome pamoja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 6, yamwamuru mwenye mahali pa kazi kuweka mashine zilizo salama, na kuwapa wafanyakazi maelezo, mafundisho na usimamizi. Yamwamuru yeye, haikumwamuru turniboi. Kifungu cha 101 chamtaka atoe mavazi ya kujikinga. Kifungu cha 9 chataka pawe na kamati ya usalama penye watu 20 au zaidi, na wafanyakazi wawemo. Kifungu cha 11 chataka mahali pa kazi pakaguliwe na mtaalamu mwenye leseni walau mara moja kila miezi kumi na miwili.

Kifungu cha 14 chasema kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na tajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali pale hatari ikiwa bado ipo. Na kifungu cha 8 chamkataza tajiri kumfukuza au kumwonea mtu kwa sababu amelalamika juu ya usalama. Kwa upande wetu, kifungu cha 13 chatutaka tujilinde, tuwalinde wenzetu, na tutumie vifaa tulivyopewa. Hilo twalikubali. Glavu mkipewa zivaeni, msiziuze.

Kuhusu kukata faini katika mshahara, Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 19, imeorodhesha makato yanayoruhusiwa. Humo hatuoni mahali palipoandikwa kwamba dereva alipie ubovu wa gari la tajiri. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Haikusema kila mtu isipokuwa mfanyakazi akiwa zamu.

WASIOTAKA KELELE

Wako wenzetu wanaosema: "Tukipiga kelele yadi itafungwa, tutakosa kazi." Twawajibu kwa mfano wa karibu. Huko Owino Uhuru, Mikindani, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Moshi wake ulikuwa na risasi. Walioanza kudhurika ni wafanyakazi na majirani, watoto wao wakiwemo. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi hapo na ambaye mtoto wake alikutwa na risasi katika damu, alipiga kelele. Alitishwa, alishtakiwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo Desemba 2024. Angalieni miaka hiyo. Muda wote ule watu walikuwa wagonjwa, na wengine walikufa. Lau bomba lile lingekaguliwa kwa haki toka siku ya kwanza, pasingekuwa na kesi wala makaburi. Kunyamaza hakukuwalindia kazi. Kuliwapotezea kazi na afya pamoja.

Wengine husema chama hakina nguvu siku hizi. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000 waligoma, makuli na watumishi wa nyumbani pamoja, wala hapakuwa na sheria hata moja ya kuwalinda kama hizi tulizozitaja. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwaka ule ule akapelekwa kizuizini mbali. Lakini serikali ya mkoloni ililazimika kuunda baraza la Jaji Thacker, na mishahara ikaongezwa. Wao walipigania posho bila sheria. Sisi tuna sheria, twashindwa kuomba glavu?

Nanyi mafundi, twasema nanyi kama ndugu. Tajiri akikuamuru ukate chujio, jua kwamba unakata pumzi ya mwenzako. Mwambie akuandikie amri hiyo kwa mkono wake. Mara nyingi hataandika, nawe utakuwa umepata jibu.

TUNAYOTAKA

1. Ukaguzi wa vyombo vya moshi uhesabiwe kuwa kazi, ufanywe ndani ya saa za kazi, ulipwe.

2. Ufanywe na fundi aliyefundishwa, mahali penye hewa, kwa vifaa vinavyotolewa na tajiri.

3. Karatasi igawanywe mara mbili: aliyoyaona dereva, na aliyoyapima fundi. Kila mtu atie sahihi yake kwa kazi yake, na nakala abaki nayo mfanyakazi.

4. Gari lililoandikwa kuwa bovu lisitoke mpaka litengenezwe, na dereva asipoteze mshahara wa siku hiyo.

5. Makato yo yote ya faini za moshi yakome, na yaliyokatwa yarudishwe.

6. Hakuna kukata machujio. Yaliyokatwa yarudishwe mahali pake.

Mpaka haya yakubaliwe, shauri letu kwa kila mwanachama ni hili. Usitie sahihi jambo ambalo hukuliona. Ukilazimishwa, andika kando ya sahihi yako: "Sikupewa vifaa wala muda wa kukagua." Andika tarehe, saa na namba ya gari. Andika hayo hayo katika daftari lako mwenyewe, ukaliweke nyumbani. Kisha mpe habari mjumbe wa chama wa yadi yako siku hiyo hiyo, naye atapeleka kwa kamati, na kamati itapeleka kwa mkaguzi wa Idara ya Usalama na Afya Kazini. Mtu mmoja akiandika hivyo ataitwa mkaidi. Yadi nzima ikiandika hivyo asubuhi moja, tajiri atakwenda kununua glavu kabla ya adhuhuri.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Tawi, Bofu